Kitana cha Mama na Uzito wa Dunia

Asubuhi hii jirani yangu amewasha mbabula yake, jiko la makaa, kwa kipande cha ndoo iliyopasuka, kama tufanyavyo wengi wetu makala yanapokataa kushika moto. Harufu ya plastiki inayoungua ilipenya dirishani, nyembamba na chungu, ikakwaruza koo. Nilikuwa nimeketi, kikombe cha chai mkononi. Sijui niliinuka saa ngapi. Nilipojitambua nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, natazama uani kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyeniita. Ni harufu tu, na harufu hiyo hunisimamisha popote inaponikuta, tangu utotoni.

Waliokulia mtaa wetu wa Kampemba pamoja nami watakumbuka kipupwe chetu: baridi kavu inayopasua midomo, vumbi jekundu juu ya majani ya mipapai, na zile sweta za nailoni za mitumba tulizovalishwa mpaka shingoni. Ukiivua sweta gizani ilitatarika, na cheche ndogo za buluu zikakimbia mikononi. Tulidhani ni mchezo wa sweta. Mama alikuwa msusi. Wateja wake walikaa kwenye mkeka chini ya upenu wetu, vichwa kati ya magoti yake, wakisimulia habari za waume na wakwe, naye akigawa nywele zao kwa kitana cheusi chenye mkia mwembamba. Kitana kile sikuwahi kukiona mbali naye. Kama hakikuwa mkononi, kilikuwa kimechomekwa kwenye kilemba chake.

Ugonjwa wake ulianzia miguuni, au ndivyo nilivyoamini, kwa kuwa mtoto huona kwanza yale yaliyo karibu na kimo chake. Ukweli, niliouelewa baadaye sana, ni kwamba moyo wake ulikuwa umechoka. Mimi niliona miguu tu. Ilivimba mpaka ngozi ikang'aa, na nilipoibonyeza kwa kidole gumba kishimo kilibaki pale kwa muda mrefu, kama kwenye bukari, ugali wetu, ambayo haijapoa. Mama alinituma nimletee viatu vya Papa, baba yetu, maana vyake mwenyewe havikumwingia tena. Kisha akaacha kusimama. Daktari aliagiza miguu ikae juu kuliko kifua, na Papa, ambaye alikuwa fundi wa kulehemu katika karakana moja huko komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu wala si ile nchi, alirudi na matofali na kuyapanga chini ya miguu ya kitanda upande mmoja. Mama akawa analala kama mtu anayeteleza mlima kwa kichwa.

"Mama akisimama tu," Papa alituambia akifuta mikono, "tunaenda Mitwaba kumuona Kambo."

Kambo ni bibi yetu, mzaa Mama. Sikuwa nimewahi kufika kwake, na nililishika neno lile kama ahadi ya sikukuu. Mama akisimama. Kila kitu ulimwenguni kilikuwa kikingojea jambo hilo moja.

Kaka yangu mkubwa, Yaya Fidèle, alikuwa karibu kumaliza sekondari na alisoma fizikia kwa sauti, kana kwamba masomo hayaingii kichwani ila kupitia masikio ya watu wote wa nyumba. Jioni moja aliniita mezani. Alikuwa amechanachana karatasi vipande vidogo kama punje za mchele, na mkononi alikuwa na kitana cha Mama.

"Ngoie, kuya uone. Nani eko anavuta haka kakaratasi chini?"

"Hakuna muntu."

"Eko. Dunia. Dunia muzima! Mawe, mito, ule mulima mweusi ya masalia ya shaba, mpaka kule ngambo ya bahari. Yote inakamata haka kakaratasi, inasema: bakia hapa. Sasa angalia."

Alikisugua kitana kwenye mkono wa sweta yangu, haraka haraka, kisha akakisogeza juu ya vile vipande. Karatasi zikatetemeka, zikasimama wima, zikaruka. Zilining'inia kwenye meno ya kitana kama nondo wadogo.

"Unaona? Kitana moja ya Mama inashinda dunia muzima."

"Juu ya nini?" niliuliza, nikitaka sababu.

"Juu iko na électricité, umeme. Nguvu yake inapita ile ya dunia mbali, mbali sana, hata kuhesabu utachoka. Nguvu ya dunia njo zaifu kupita zote."

Sauti ya Mama ilitoka chumbani: "Fidèle! Kama iko zaifu vile, nani alikuangushaka jana na velo?"

Tulicheka sote, na Yaya akacheka kuliko sisi, akijishika goti lenye jeraha la kuanguka na baiskeli. Nilingoja kicheko kiishe, nikamuuliza kwa kunong'ona: "Na miguu ya Mama? Njo dunia inavuta?"

"Njo vile. Mayi ya mwili inavutwa chini, inabakia mu miguu." Alijibu upesi, kwa furaha ya mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua, akarejea kusoma. Hakuona alichokiweka mikononi mwangu.

Nililala nikiwa nimeelewa kila kitu. Mama alikuwa amelala chini kwa sababu dunia ilimshika miguu. Dunia ilikuwa dhaifu. Na silaha ya kuishinda ilikuwa imechomekwa kwenye kilemba chake mwenyewe.

Tangu siku ile nilimchana Mama kila asubuhi. Alikuwa hawezi tena kuinua mikono kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Nilifumua nywele zake fungu kwa fungu, na katika baridi ile kavu zilitoa mlio mdogo kama wa chumvi iliyotupwa motoni, zikakifuata kitana kila kilipokwenda. Kitana kikishajaa umeme, nilishuka haraka mpaka mwisho wa kitanda na kukipitisha juu ya miguu yake bila kuigusa, kutoka kifundoni kupanda magotini, tena na tena.

"Unafanya nini kule, docteur?" Mama aliniuliza mara ya kwanza.

"Niko nainua mayi."

"Basi inua polepole. Isinifike mu kichwa."

Hakunikataza. Kila asubuhi alivuta blanketi mwenyewe na kuiacha miguu wazi kwenye baridi, na mimi nilidhani anaamini. Leo nadhani alipenda tu kuchanwa.

Nasi tulishinda. Sitaki kulisema kwa kejeli, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: kipupwe kilipokuwa kinamalizika, uvimbe ulipungua, iwe ni kwa dawa, iwe ni kwa matofali ya Papa. Niliuona mfupa wa kifundo ukijitokeza, nikaugusa kama mtu anayegusa kito. Papa na Yaya walimbeba Mama wakamweka chini ya upenu, juani, na siku moja alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka. Alipumzika baada ya kila msuko. Ilichukua mchana wote. Alimaliza wakati jua likishuka nyuma ya ukuta wa jirani, akanipiga kidogo utosini kwa mkia wa kitana, kama alivyowapiga wateja wake kuwaambia kazi imekwisha.

Kisha mvua zikaja. Kampemba iligeuka tope, na kwa kila radi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika. Umeme ule sisi tuliuita courant, na kukatika kwake délestage; ulikuwa kwetu kama mgeni asiyeaga. Asubuhi moja nikachana nywele za Mama, na nywele hazikulia. Nikasugua kitana kwenye sweta mpaka mkono ukaniuma. Nikakisogeza juu ya vipande vya karatasi. Karatasi zilibaki zimelala.

Nilimkimbilia kaka yangu. "Yaya, kitana iko na délestage!"

"Eh, Bwana! Hii Kampemba délestage imezidi, mpaka kitana!" Alicheka hadi akalazimika kuketi. Alipoona sicheki, akajikaza. "Sikia. Hewa iko na mayi mingi sasa. Courant ya kitana haibakie, inakimbia mu ile mayi. Inaomba kitana ikauke, hewa ikauke."

"Itarudia?"

"Kipupwe ikirudia, itarudia."

Lakini kipupwe kilikuwa mbali, na miguu ya Mama ilikuwa imeanza tena kung'aa. Papa aliongeza matofali. Nilisikia pumzi ya Mama kutoka chumbani, kama mtu anayepanda ngazi, ingawa hakuwa akipanda popote. Nilifanya nililoweza kulifanya. Kama kitana kilihitaji kukaushwa, tulikuwa na moto.

Mchana ule Papa alikuwa kazini, Yaya shuleni. Mbabula ilikuwa nje chini ya upenu, maharagwe yakichemka juu yake. Niliinama, nikakishikilia kitana karibu na makala, nikikigeuza upande huu na upande ule kama mama wa nyumba anayekausha samaki. Kwanza kilipata joto tu, joto zuri. Kisha meno yakaanza kuegemeana. Moshi mweusi ukapanda, na ile harufu, na kabla sijaelewa, mgongo wa kitana ulijikunja ukaning'ang'ania kidole. Nikapiga yowe, nikakitupa.

"Ngoie! Unachoma nini?"

Sauti haikutoka chumbani. Niligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Amesimama kwa miguu yake mwenyewe, peku, kitenge kimefungwa upande, mkono mmoja umeshika mwimo. Alikuwa ameshuka kutoka kwenye kile kitanda chenye mteremko, amepita sebule yote, hakuna aliyemshika. Kifua chake kilipanda na kushuka. Nilisahau kidole.

Alijishusha kizingitini polepole, akakitumbukiza kidole changu kwenye kikombe cha maji, akakiokota kile kitana. Kilikuwa kimepinda kama ukucha wa kuku.

"Hii njo kitana yangu?"

"Ilikuwa na délestage, Mama. Nilikuwa nayikausha sababu ya miguu yako."

Alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkata, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge. Kisha akaingiza meno yaliyopinda kwenye nywele zake za mbele, akavuta. "Angalia," alisema. "Iko inachana tu. Iko inachana ya kuinama, sawa vile mwenyewe."

Papa alitukuta hapo hapo kizingitini. Nilimrukia kabla hajashuka kwenye velo.

"Papa, Mama alisimama! Alitembea mpaka huku! Tunaenda Mitwaba!"

Papa alimtazama Mama. Mama alikuwa akitazama miguu yake, ambayo hata mimi niliona kwamba imevimba kuliko asubuhi.

"Ulisimama?"

"Nilisimama," Mama alisema. "Na uliahidi mutoto."

Papa aliegemeza velo ukutani, akakawia kuiachilia. "Basi tutaenda," alisema. "Mvua ikiisha."

Mama hakufika mwisho wa mvua zile.

Kilio kilijaza kiwanja chetu viti na wanawake. Mama mudogo Régine, mdogo wake Mama, alifika kutoka Mitwaba akiwa na matope mpaka magotini, akashika nyumba. Desturi ya kwetu ni kwamba wanawake wa nyumba iliyofiwa hufumua misuko na hawachani nywele mpaka siku ya kuondoa msiba. Alizunguka vyumbani akikusanya vitana vyote, akavifunga katika kitambaa. Kisha akaniweka kati ya magoti yake, akaanza kunifumua. Sikulia nilipoambiwa kwamba Mama amekufa, kwa sababu sikuona ni kitu gani hasa kilichokwisha. Nililia pale. Misuko ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya Mama, na nilihisi kila mmoja ukifunguka, fundo kwa fundo, ukiachia.

"Mama mudogo, wacha moja."

"Haiachwake, mwanangu." Naye alikuwa akilia. "Hata yangu haikubakia."

Kitana kimoja hakikuingia kitambaani. Kile kilichopinda kilikuwa ndani ya sweta yangu.

Makaburini manyunyu yalikuwa yakianguka. Nilikuwa nimedhani kuwa kuzika ni kumsukuma mtu chini, na nilikwenda nikiwa na hasira na hao watakaomsukuma. Sivyo nilivyoona. Niliona wanaume wanne, Papa mmoja wao, wakiwa wamerudisha miili nyuma, visigino vimezama katika tope, mikono ikitetemeka kwa kushikilia kamba. Hakuna aliyekuwa akimshusha. Walikuwa wakimzuia, kwa nguvu zao zote, na bado alikuwa akienda.

Nikakitoa kitana, nikaanza kukisugua kwenye sweta. Sweta ilikuwa imelowa. Nilisugua kwa haraka zaidi. Nywele zangu zilisimama ovyo, kitana mkononi siku ya msiba, na wanawake wakaanza kunong'ona. Yaya Fidèle alinifikia wa kwanza, akanishika mkono.

"Wacha, Ngoie."

"Yaya, ulisema iko zaifu!"

Mpaka wakati ule nilimwona kama mtu mzima. "Ilikuwa ya karatasi," alisema. "Nilikuwambia ya karatasi tu." Akapiga magoti matopeni mbele yangu, akanificha uso begani mwake, au akauficha wake begani mwangu, sijui. Mama mudogo alikichukua kitana kwenye vidole vyangu bila kunikemea, akakiingiza kifuani mwake.

Baadaye nilisoma sayansi chuoni, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa mapenzi. Nilitaka kujua ni wapi tulipokosea, Yaya na mimi. Hatukukosea. Kweli nguvu ya umeme huishinda ile ya dunia kwa kiasi kisichoshikika akilini, na kweli nguvu zote mbili hufifia kwa kanuni moja kadiri vitu vinavyoachana. Lakini umeme una pande mbili, chanya na hasi, na pande hizo hutafutana, hukutana, hufutana; kwa hiyo nguvu ile kubwa karibu popote imekwisha kujinyamazisha. Uzito, ile nguvu ya dunia, hauna mpinzani wake. Hausukumi, huvuta tu. Hakuna ukuta wala blanketi la kuuzuia, na kila jiwe huongeza lake dogo juu ya lile la jiwe jingine. Ni dhaifu, nao hauachi. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mihadhara, nilifunga macho nikaziona zile kamba.

Lakini sikuketi kuandika kwa ajili ya hilo.

Mvua zilipokwisha, Papa alianza kufunga mizigo. Mama mudogo, aliyekuwa amebaki kutulea, alisimama mlangoni mwa chumba akimtazama.

"Shemeji, ile safari uliahidi mutu mwenye hayiko tena. Hakuna mwenye atakuuliza."

Papa hakuacha kukunja nguo. "Nilisema akisimama, tunaenda," alijibu. "Si alisimama?"

Tulikwenda sote, juu ya magunia, ndani ya lori lililozama na kukwamuliwa na kuzama tena katika mashimo ambayo jua lilikuwa bado halijayakausha, mpaka niliacha kuamini kuwa Mitwaba ipo. Kambo alikuwa mwembamba, na alikuwa na paji la uso la Mama. Asubuhi ya kuondoa msiba alinikogesha kwa maji ya moto, akanipaka mafuta, akaketi kwenye kigoda akanivuta kati ya magoti yake. Nywele zangu zilikuwa zimeshikana kama sufi iliyolowa.

"Régine, leta kitana yake," alisema.

Mama mudogo alifungua kile kitambaa cha vitana. Kambo alikigeuza mkononi kile kitana kilichopinda, akapitisha kidole juu ya meno yaliyoegemeana. Alianzia kwenye ncha za nywele, akafuata mpindo wake, polepole, bila kuniumiza. Jua lilikuwa bado chini na baridi ilikuwa kavu, ile baridi inayopasua midomo. Kitana kilipoanza kupita bila kukwama, nywele zangu zikatoa mlio mdogo, kama chumvi iliyotupwa motoni.

"Courant imerudia," nilisema.

Yaya Fidèle aliinama akatazama viatu vyake. Papa alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka akatoka nje. Kambo hakujua nilichosema. Alishusha mkono apumzike kidogo, na kitana kikakaribia ardhi, pale alipokuwa amepepeta mahindi jana yake. Kapi moja likatetemeka, likasimama wima, likaruka, likanata kwenye meno yaliyopinda.

Niliona peke yangu. Sikumwonyesha mtu. Lilikuwa kapi tu.